Kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe imegoma kuwaka baada ya kubadilisha kifaa: maswali tunayoulizwa sana Mtwara na Lindi

Haya maswali yanakuja mwaka mzima ila yanazidi kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza na hela ikaingia mtaani, watu wanaagiza kadi ya grafiki (ile inayotoa picha) au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kutoka Kariakoo, mzigo unapanda basi, unashuka Mtwara au Lindi, jioni hiyohiyo mtu kashafungua keisi kachomeka, na mashine iliyokuwa inapiga kazi asubuhi haiwaki tena. Nimejibu kwa urefu kwa sababu huku kwetu kukisia ni gharama, ukiagiza kifaa ambacho sicho umelipia kifaa, umelipia nauli ya mzigo, umekaa siku kadhaa huna kompyuta, kumbe waya tu haujaingia mpaka mwisho. Kwahiyo soma kwanza, kuagiza baadae.

Nimeongeza kifaa kipya, nabonyeza swichi, kimya kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kile ulichogusa. Mashine ilikuwa inawaka, mkono ukaingia ndani, sasa haiwaki, hapo usianze kuwaza prosesa (ubongo wa kompyuta) imekufa. Toa kifaa kipya, rudisha cha zamani kama kilivyokuwa, jaribu tena. Ikiwaka ujue shida iko kwenye kifaa kipya au namna ulivyokifunga. Isipowaka hata na cha zamani basi kuna kitu umekilegeza bila kujua wakati unapitisha mkono, na hiyo ni habari njema maana mara nyingi hamna kilichoungua, unatafuta tu kilicholegea.

Kabla hujagusa chochote zima swichi ya pawasaplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) kule nyuma, chomoa waya ukutani, halafu bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika chuma cha keisi kabla ya kushika bodi (ile sahani kubwa inayobeba vifaa vyote). Hewa ya pwani ina unyevu kwahiyo umeme wa mwilini sio tatizo kubwa sana kama sehemu za ukame, ila upo, na kushika chuma hakugharimu kitu.

Ikiwa ni kimya kabisa, hata taa haiwaki, angalia hivi: swichi ya ukutani imewashwa? Fyuzi ndani ya plagi iko nzima? Swichi ya pawasaplai iko upande wa I na sio O? (Msicheke, hii inarudi kila mara, mtu kaizima mwenyewe akiwa anafungua keisi af kaisahau.) Plagi kubwa ya pini 24 imeingia mpaka ile ndoano yake ikalia klik? Hiyo plagi ni ngumu, watu wanaogopa kuikandamiza bodi isije ikavunjika, inabaki imeingia nusu. Mwisho angalia vile viwaya vyembamba vinavyotoka mbele ya keisi, cha PWR_SW kikichomoka swichi yako inakuwa pambo tu. Unaweza kuijaribu bodi bila swichi, gusisha zile pini mbili za PWR_SW kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde, ikiwaka basi swichi au waya wake ndo tatizo. Hakikisha ni pini zenyewe lakini, soma kitabu cha bodi au kipakue, kila bodi ina mpangilio wake.

Pawasaplai ina kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230, nikiweke wapi?

230, bila kufikiria mara mbili. Umeme wetu ni volti 230. Ukiiweka 115 ukawasha unasikia paa, na moshi, imeisha hiyo. Pawasaplai nyingi za siku hizi hazina hicho kiswichi, zinajirekebisha zenyewe, ila za zamani na za bei ndogo bado zinacho, kwahiyo ukinunua iliyotumika kiangalie kabla hujachomeka ukutani.

Feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, ila monita nyeusi tii. Kadi ya grafiki mpya imekufa?

Hili ndo swali namba moja, na jibu mara nyingi ni hapana, haijakufa.

Kwanza angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Ukishaweka kadi ya grafiki, waya unachomekwa kwenye kadi, kule chini zilipo tundu zilizolala, sio kwenye bodi kule juu karibu na tundu za USB. Bodi nyingi zikiona kadi zinazima picha ya kwenye bodi. Na kinyume chake pia kipo, umeitoa kadi ili ujaribu bila hiyo, ukachomeka monita kwenye bodi, giza, ukasema bodi imekufa, kumbe prosesa yako haina grafiki ndani. Intel zenye herufi F mwishoni kama i5-10400F au i3-12100F hazina picha kabisa bila kadi. Ryzen (prosesa za AMD) za soketi (tundu la prosesa) ya AM4 ambazo hazina G kama 3600 na 5600 ni hivyohivyo. Ukiwa na prosesa ya aina hiyo lazima upate kadi ya kuazima ya kujaribia, hata ya zamani kiasi gani, haina shida.

Pili, umeme wa kadi. Tundu ambalo kadi imechomekwa linatoa wati 75 basi. Kadi ikiwa na sehemu ya kuchomeka pini 6 au 8 kwa juu ujue inataka zaidi ya hapo na lazima uchomeke, zote, sio moja kati ya mbili. Kadi nyingine ukiisahau hiyo inazungusha feni zake kama kawaida na picha haitoi, ndo maana watu wanadanganyika.

Tatu, ile plagi ya pini 4 au 8 iliyoko kona ya juu kushoto karibu na prosesa. Hiyo ndo inalisha prosesa. Ikiwa imetoka, feni zote zinazunguka, taa zinapendeza, na kompyuta haifiki popote. Ukiwa umebadilisha pawasaplai au umetoa bodi nje, hiyo ndo ya kwanza kusahaulika maana iko sehemu mbaya, feni kubwa ya prosesa inaifunika. Na ujue plagi ya prosesa na plagi ya kadi ya grafiki zote zina pini 8 ila sio ndugu, ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya kadi inagawanyika 6 na 2. Umbo la pini zake ni tofauti, ikikataa kuingia usiilazimishe.

Nne, RAM. Kuchomeka kadi kubwa kunaisukuma bodi, RAM inalegea kidogo tu na hiyo kidogo inatosha. Itoe, irudishe, kandamiza pande zote mbili mpaka ilie.

Bodi nyingi za miaka ya karibuni zina vitaa vinne vidogo pembeni vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Ukiwasha vinapita kimoja kimoja, kile kinachobaki kinawaka ndo sehemu mashine ilipokwama. Kabla ya kuniandikia ujumbe angalia hivyo vitaa uniambie kipi kimebaki, tutaokoa muda wote wawili.

Nimeongeza RAM, sasa haiwaki. Nikitoa mpya inawaka. RAM mbovu?

Inawezekana ila usihukumu bado. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kile kidomo cha katikati kiko sehemu tofauti kila aina, kwahiyo ukilazimisha utavunja tundu. Kama imeingia vizuri basi aina ni yenyewe, sasa jaribu ile mpya PEKE YAKE, kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa. Ikiwaka peke yake na ya zamani inawaka peke yake ila pamoja zinagoma, hazipatani, jaribu kuingia BIOS (programu ya bodi yenyewe inayoanza kabla ya Windows) na moja, zima XMP (mpangilio wa kuipandisha spidi RAM), zote zirudi spidi ya kawaida, halafu rudisha zote. Zikiwa mbili na bodi ina matundu manne, ziweke la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio la kwanza na la pili.

Halafu kuna hili la DDR5 ambalo limewatia watu presha kwelikweli. Ukiwasha mara ya kwanza na RAM mpya ya DDR5, bodi inakaa inajifunza hiyo RAM, skrini nyeusi, inaweza kuchukua dakika kadhaa na inaweza kujizima na kujiwasha katikati. Mtu anaona giza dakika moja anazima, anawasha, anazima, kila mara anaikatisha ianze upya. Iache. Nenda kanywe chai, rudi baada ya robo saa, ikiwa bado giza ndo tuongee.

Inawaka sekunde mbili inazima, inawaka tena inazima, inaendelea hivyohivyo

Hapo pawasaplai au bodi inajikinga, kuna shoti au kuna kitu kinavuta umeme kuliko kawaida. Kama ulitoa bodi nje ya keisi hesabu vile vinati vya shaba vinavyoinyanyua bodi isiguse chuma, kikizidi kimoja mahali ambapo bodi haina tundu kinagusa mgongo wa bodi na hiyo ni shoti tayari. Tafuta pia skrubu iliyodondoka, tikisa keisi usikilize. Ikishindikana toa bodi yote, iweke juu ya boksi lake la karatasi, ibaki na prosesa, feni yake na RAM moja, na pawasaplai tu. Hamna kadi, hamna diski, hamna USB. Ikitulia juu ya boksi shida iko kwenye keisi. Isipotulia umebakiwa na vitu vitano tu vya kushuku badala ya kumi.

Kama ulibadilisha feni ya prosesa, angalia ile karatasi ya nailoni chini ya chuma chake uliitoa? Na waya wa feni uko kwenye CPU_FAN? Bodi nyingine zikiona hapo hamna feni zinakataa kuendelea.

Nimebadilisha prosesa, soketi ni ileile, mbona haiwaki?

Soketi kufanana haitoshi, na hapa watu wengi wanapoteza hela. Bodi ya B450 inapokea Ryzen 5000 ila mpaka BIOS yake iwe mpya, hizo prosesa zilitoka Novemba 2020 na bodi ilitengenezwa kabla, haiwezi kuijua. Bodi za Intel kama B660 nazo zinataka BIOS mpya kabla ya kupokea kizazi cha 13. Na mbaya zaidi ni LGA1151, soketi ya Intel, kizazi cha 6 na 7 ni bodi zake, cha 8 na 9 ni bodi zake, prosesa inaingia vizuri kabisa kwenye soketi lakini i5 ya kizazi cha 8 haitawaka kwenye bodi ya H110 ambayo ni ya kizazi cha 6 na 7, hata ufanyeje BIOS ya kiwandani haikusaidii. Kabla ya kununua ingia kwenye ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya walioitengeneza, kuna orodha ya prosesa zote na BIOS namba ngapi inatakiwa.

Kama ni BIOS, rudisha prosesa ya zamani, weka BIOS mpya, ndo uweke prosesa mpya. Bodi nyingine zina kitufe cha nyuma cha kuweka BIOS kwa flashi bila prosesa kabisa, flashi iwe FAT32. Lakini tafadhali, BIOS usiiweke umeme ukiwa unachezacheza. Ukikatika katikati ya hiyo kazi bodi inaweza isiamke tena. Azima UPS hata kwa mwenye stationari, au subiri siku umeme umetulia.

Na kama ni Intel angalia pini. Pini ziko kwenye soketi, laini kuliko unywele, ukidondosha prosesa vibaya zinapinda. Washa tochi ya simu kwa ubavu, mistari yote inatakiwa ing'ae sawasawa, ukiona sehemu inang'aa tofauti kuna pini imelala. AM4 yenyewe pini ziko kwenye prosesa, na ukivuta feni kwa nguvu prosesa inaweza kung'oka nayo ikiwa bado imefungwa, kwahiyo iwashe ipate moto kwanza, zima, zungusha feni kushoto kulia taratibu ndo uvute.

Pawasaplai yangu imeandikwa wati 600 na kadi inataka 550, kwanini inazima?

Usisome namba kubwa ya kwenye stika, soma mstari wa 12V. Prosesa na kadi vyote vinakula kwenye 12V. Ukikuta 12V ni ampia 20, zidisha, 12 mara 20 ni wati 240, hiyo ndo nguvu yako halisi hata kama juu imeandikwa 600 kwa maandishi ya dhahabu. RTX 3060 peke yake inavuta wati 170, ongeza prosesa, umemaliza. Pawasaplai hizi zinazokuja bure ndani ya keisi ndo zenye tabia hiyo, mimi siziamini na nasema wazi, ukiwa na hela ya kitu kimoja anza na pawasaplai nzuri, kadi subiri msimu ujao.

Viungio vya kubadilisha plagi ya SATA (ya umeme wa diski) kuwa pini 8 usitumie. Plagi moja ya SATA inatoa wati 54 za 12V, pini 8 inaruhusiwa kuvuta 150, hesabu yenyewe inakwambia waya utaungua.

Na hili naomba lisomwe na kila mtu: kama pawasaplai yako ni ile ya nyaya zinazochomoka, USICHANGANYE nyaya za pawasaplai moja na nyingine. Upande wa bodi zinafanana ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, hata kampuni hiyohiyo modeli mbili zinaweza kutofautiana. Zinaingia vizuri tu halafu zinapeleka volti 12 kwenye njia ya 5, na diski yako yenye picha za familia inakufa hapohapo. Ukibadilisha pawasaplai toa na nyaya zake zote, hata kama ulizipanga vizuri nyuma ya keisi na inauma kuzing'oa.

Nina Dell OptiPlex ya used, naweza kuweka pawasaplai ya kawaida?

Moja kwa moja hapana. OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya pini 8 badala ya 24, unahitaji kiungio maalum, na HP nyingi za ofisini nazo zina plagi zao. Njia rahisi kwa mashine hizi ni kadi isiyotaka umeme wa ziada kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zile zisizo na pini juu, na ikiwa keisi ni ile nyembamba hakikisha kadi ni fupi kwa kimo.

Nakaa Shangani karibu na bahari, chumvi inaweza kusababisha haya?

Inaweza, na huku watu hawaifikirii. Shangani, Mikindani, Lindi mjini kote pale ufukweni hewa ina chumvi na unyevu, mashine ikikaa miaka miwili mitatu bila kuguswa, mguso wa RAM na kadi unakuwa na utando. Inakuwa inafanya kazi kwa mazoea, siku unaichomoa na kuirudisha ule mguso haukai tena palepale, mashine inagoma na wewe unailaumu RAM mpya. Chukua ufutio mweupe wa penseli, futa taratibu ile mistari ya dhahabu, pangusa mabaki, malizia na kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa. Petroli hapana, mafuta ya kulainishia hapana, sabuni hapana. Ndani ya tundu usiingize ufutio, puliza vumbi tu.

Wa Masasi na Nachingwea shida yenu ni vumbi zaidi kuliko chumvi, ileile, puliza kabla ya kuchomeka.

Kufuta mipangilio ya BIOS kunasaidia?

Mara nyingi, hasa ukiwa umebadilisha RAM au prosesa. Chomoa umeme, toa ile betri ya CR2032 kama sarafu, subiri dakika tano, rudisha. Ikiwa na umri pima, mpya ni volti 3, ikishuka sana nunua nyingine, ni bei ndogo na zinapatikana kwa mafundi saa.

Sasa inawaka mpaka BIOS ila Windows haiji, inasema hamna diski

Umeshavuka pabaya. Kama uliongeza SSD ya M.2 (diski ndogo bapa inayochomekwa kwenye bodi yenyewe), bodi nyingi zinazima tundu moja au mawili ya SATA ukichomeka hapo, hamishia diski ya zamani tundu lingine. Kama ulifuta BIOS, mipangilio imerudi ya kiwandani, Windows iliyowekwa kwa mfumo wa zamani inataka CSM (mpangilio wa BIOS wa kukubali mifumo ya zamani) iwashwe. Angalia pia ni diski ipi iko ya kwanza kwenye orodha.

Kwa wenye Ryzen, ukibadilisha prosesa inaweza kukuuliza ubonyeze Y au N kuhusu fTPM (sehemu ya usalama ndani ya prosesa inayotunza funguo). Kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la kulinda mafaili) bonyeza N kwanza mpaka uwe na ile funguo ya tarakimu 48 mkononi, mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukibonyeza Y bila funguo unaweza kujifungia nje ya mafaili yako mwenyewe.

Inapiga mlio, inamaanisha nini?

Inategemea bodi. Mmoja mfupi kwa kawaida ni salama, mrefu unaojirudia bila kukoma mara nyingi ni RAM, mmoja mrefu na miwili mifupi mara nyingi ni kadi. Kitabu cha bodi ndo chenye neno la mwisho.

Nimejaribu yote. Nirudishe kifaa dukani Dar au nipeleke kwa fundi hapahapa?

Fundi kwanza, lakini mwenye vifaa vya kujaribia, yaani ana pawasaplai nzima na RAM nzima za kubadilishana. Akikwambia bodi imekufa bila kujaribu pawasaplai nyingine, mshukuru uondoke. Wengine tumezoea kuazimana, ukiwa na rafiki mwenye mashine ya aina moja na yako, kadi yako ikiwaka kwake umeshamaliza nusu ya kazi bila shilingi.

Ukithibitisha kifaa ndo kibovu, mpigie muuzaji kabla ya kutuma, piga video fupi ya kifaa kikigoma kwenye mashine mbili tofauti, piga picha namba ya kwenye stika. Usifunge kwa nailoni ya kawaida, tumia ule mfuko wa kijivu uliokuja nacho, af boksi gumu na magazeti ya kutosha pande zote, safari ni ndefu na mizigo inalaliana kwenye buti la basi. Kama ni bodi ya Intel rudishia kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi, pini zikipindia njiani muuzaji atasema umezipinda wewe na utakosa warranti. Na risiti ya mzigo usiiache kwa wakala, piga picha namba ya basi na ya risiti umtumie muuzaji hapohapo.